Kadi Kumi na Moja za Jumamosi

Mkuu wa kituo alimwonyesha Inspekta kiti, kisha akaghairi kabla mama wa watu hajakaa.

"Usikae. Jambo lenyewe halina marefu. Kesho saa tatu mlinzi anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Jalada nalitaka hapa mezani jioni, limefungwa kwa uzi."

"Hajakiri, afande."

"Atakiri." Mkuu alisema vile mtu anavyosema mvua itanyesha. "Jumba lina mlango mmoja. Kitabu cha getini kinasema wafanyakazi wote waliondoka Jumamosi saa sita mchana. Marehemu akabaki juu anaandika vikadi vyake mpaka saa kumi na dakika ishirini, saa zenyewe kaziandika mwenyewe. Sasa ndani ya jumba kabaki nani? Mlinzi. Hiyo ni hesabu ya darasa la pili, mama. Au wewe la pili uliliruka?"

"Nililisoma mara mbili, afande. Ndiyo maana naipiga taratibu."

"Ipige. Mpaka jioni."

Inspekta alitoka na mkoba wake wa turubai. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye sauti ndogo iliyowaponza wengi waliodhani na akili ni ndogo vilevile. Nje ya mlango alimkuta koplo wake amesimama na bahasha ya vielelezo kwapani.

"Umesaini kuitoa?"

"Nimesaini, afande. Lakiri haijaguswa tangu Jumatatu saa mbili asubuhi."

"Twende."

Ofisi ya kamusi ilikuwa ghorofa ya pili, nyuma ya ghala la matairi. Mtu akipanda ngazi alifuatwa na harufu ya mpira mpaka juu, na pale juu ikapokelewa na harufu ya karatasi za zamani, na tangu Jumatatu ikaongezeka ya tatu ambayo dawa ya sakafu haikuiweza. Ukiacha mlango na dirisha, kuta zote nne za chumba cha kadi zilikuwa droo tupu, ndogondogo, za mbao, kutoka sakafuni hadi darini. Kila droo ilikuwa na herufi. Hapo ndipo Kiingereza kilipokuwa kikigeuzwa Kiswahili, neno moja kwa moja, kwa miaka ishirini na sita.

Marehemu walimwita Babu Maana. Alikutwa ameketi, kifua juu ya meza, kisogo kimefunguka. Alipigwa mara mbili kwa mpini wa chuma wa kibanio cha kukandamizia vitabu, na mpini ukarudishwa mahali pake bila kufutwa. Siku mbili alikaa chini ya bati la moto kabla mfagiaji hajafungua mlango. Daktari alisema, "Jumamosi mchana. Zaidi ya hapo msinilazimishe, sitaki kusema uongo."

Inspekta alisimama nyuma ya kiti kitupu. Matone makavu yalikuwa yamefika kwenye kioo cha dirisha.

"Kadi zilikuwa wapi?"

"Hapa, afande." Koplo aliweka kiganja mezani, shibiri moja kutoka palipolala kichwa. "Kumi na moja, zimepangwa kama karata."

"Damu imeruka mpaka dirishani. Kwenye kadi kuna hata tone?"

Koplo aliikata lakiri, akazitoa kadi kwa glavu, akazigeuza moja moja. Zilikuwa safi kama nguo ya Ijumaa.

"Labda mlinzi alizipanga baadaye."

"Mlinzi ambaye kusaini jina lake ni kazi ya asubuhi nzima? Azipange za nini?"

"Basi kuna hili, afande." Koplo aliinua ile ya juu kabisa, sauti ikashuka kama anayetoa siri ya ndoa. "Ya mwisho aliyoiandika. Soma. KUTOROKA. Nimelifikiria usiku kucha. Marehemu alituachia ishara. Muuaji ni mtu atakayetoroka."

"Mlinzi mlimkamata wapi?"

"Getini."

"Akifanya nini?"

"Amelala, afande."

"Basi huyo mtorokaji ana miguu mizito. Mwanangu, mtu aliyepasuliwa kisogo haandiki mafumbo. Niitie yule mama wa mashine."

Mpiga chapa aliingia akijifuta mikono. Alikuwa mnene, macho yamevimba, lakini ulimi wake haukuwa katika matanga.

"Mimi nilishahojiwa, dada. Yule kijana wenu aliniuliza kama Babu alikuwa na maadui. Nikamwambia adui wa Babu ni herufi R. Akaandika! Akaniuliza R ni nani."

Koplo alitazama dari.

"Nieleze kazi yenyewe," Inspekta alisema. "Mimi Kiingereza changu cha kuombea maji. Neno hili lililoandikwa juu ya kila kadi ni nini?"

"*Run*. Maana yake kukimbia. Hilo hata mtoto anajua. Shida ni kwamba kwao haliishii hapo. Mtu anakimbia, ni hilo. Pua inachuruzika, ni hilohilo. Bomba linatiririka, hilo. Rangi ya khanga inachuja, hilo. Soksi imefumuka uzi, hilo. Injini inanguruma, basi linafanya safari zake, mwenye duka anaendesha duka, mheshimiwa anagombea kiti, ugonjwa unatembea katika ukoo, barabara inapita bondeni, mtu anavusha magendo usiku. Yote hayo, neno moja!"

"Maskini, wana shida ya maneno?"

"Ndivyo nilivyosema mimi. Babu akasema si umaskini, ni uvivu." Alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akakaa. "Miaka minne tumekwama kwenye neno hili. Amefika maana mia moja na themanini na tatu. Kila maana na kadi yake."

"Kwa nini miaka minne?"

"Kwa sababu hakukubali kubuni. Akitaka kujua injini inasemwaje anakwenda kwa mafundi, anakaa juu ya tairi, anasubiri fundi aseme mwenyewe. Anarudi na mafuta matakoni na neno moja. Siku ya heri ataandika kadi tatu. Akikimbizwa na mbwa, nne."

Inspekta alizigusa kadi kwa ncha ya kalamu. "Jumamosi aliandika kumi na moja. Kati ya saa saba na saa kumi na dakika ishirini."

Mpiga chapa aliinua kichwa. "Nani kasema?"

"Kadi zenyewe. Saa ziko pembeni."

"Kuandika saa ni sheria ya ofisi, kila mtu anaandika. Lakini kumi na moja? Babu? Dada, yule kula chungwa kulimchukua nusu saa."

"Mwandiko wake unaujua?"

"Hapa hakuna mwandiko. Kadi zote ni herufi kubwa, kama za tangazo la mnada, ili mimi nisikosee. Ukinipa ya Babu na ya mwingine sitofautishi." Aliinama juu ya meza, mikono mgongoni kama alivyoagizwa, akaanza kusoma. Katikati akakunja uso. "Hizi mbona zimeshapita?"

"Zimepita wapi?"

"Kwa Msomaji wa Pili. Angalia hapo chini, pembe ya kulia. Nukta ya penseli. Unaiona? Kadi ikiandikwa na mmoja lazima isomwe na mwingine. Akiona haina kosa anaigonga nukta, tap, ndipo inakuja kwangu. Bila nukta mimi sichapi hata kama imeandikwa na malaika."

Inspekta alivaa miwani. Ilikuwa ndogo kama yai la chawa. Akaitazama kadi ya pili, ya tatu, ya nne. Zote kumi na moja zilikuwa nayo, pembe ileile.

"Babu hawezi kuwa alizitia mwenyewe?"

"Mwiko. Mwandishi haoni kosa lake. Na nukta hiyo ni ya mtu mmoja tu, Msomaji wa Pili. Yule mzee hata haijui tena, mkono unaigonga wenyewe. Kadi ya harusi ya binti yangu nilimpelekea, akaisoma, tap! Nikamwambia, bwana, umempitisha mkwe wangu?"

Koplo alicheka, akaona Inspekta hacheki, akaacha.

Inspekta alifungua mkoba, akatoa jalada, akapekua mpaka kwenye maelezo ya mashahidi ya Jumatatu. Maelezo ya Msomaji wa Pili yalikuwa ukurasa mmoja. *Niliondoka saa sita mchana. Nilimwacha marehemu akiwa mzima. Sikurudi tena mpaka Jumatatu saa tatu, nikakuta polisi.* Chini palikuwa na sahihi yake. Na chini ya sahihi, pembe ya kulia, nukta ya penseli. Alikuwa ameyasoma kabla ya kutia sahihi, kama alivyoambiwa.

"Jumatatu tulifunga kadi saa mbili," alimwambia koplo bila kuinua macho. "Yeye alifika saa tatu. Kuna aliyemwonyesha?"

"Hakuna, afande. Hata mlango hakuuvuka."

"Mama, Jumamosi ulimwona akitoka?"

"Nilimwacha anafunga mkoba wake. Mimi nilikuwa na haraka."

"Lakini kitabu cha getini kinasema katoka saa sita."

Mpiga chapa alimtazama kwa huruma, kama mtu mzima anavyomtazama mgeni. "Dada, Jumamosi sote tunasaini asubuhi. Kuingia na kutoka, papo hapo. Saa mbili, saa sita. Nani atapanga foleni mchana mbele ya kitabu na basi linaondoka? Fungua ukurasa wowote. Utakuta miaka yote sisi hutoka saa sita kamili, kama jogoo wa serikali."

Koplo alishuka ngazi mbili mbili kwenda kukifuata kitabu. Aliporudi alikifungua mezani. Wino wa kuingia na wino wa kutoka ulikuwa mmoja, mstari kwa mstari.

Msomaji wa Pili alikuwa na chumba chake mwisho wa ukumbi, meza na taa tu. Alikuwa mtu mrefu, aliyekonda kwa namna ambayo si ya njaa. Kola ya shati ilimzunguka shingo bila kuigusa. Alisimama kumpokea Inspekta na kumvutia kiti mwenyewe.

"Karibu, mama. Samahani, chai imekwisha."

"Ahsante, mzee wangu, nimeshakunywa. Nina dogo tu. Haya ni maelezo yako ya Jumatatu. Kesho tunakwenda mahakamani, nataka uyapitie tena uone kama hayana kosa."

Aliyapokea. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, penseli mkononi. Alipofika mwisho alisema, "Yako sawa," na ncha ya penseli ikagonga karatasi, tap. Sasa nukta zilikuwa mbili, zimekaa pamoja kama macho ya panya.

"Uliondoka saa sita."

"Saa sita."

"Hukurudi."

"Sikurudi."

"Kadi alizoziandika Babu Maana mchana ule, uliwahi kuziona?"

"Ningeziona wapi? Mmezichukua nyinyi."

Inspekta alizipanga mezani, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeanika dagaa. Baada ya kila kadi aliweka ncha ya kidole chini ya nukta, akaiondoa. Kwenye kadi ya sita mzee aliacha kutazama kadi, akawa anatazama penseli iliyo mkononi mwake mwenyewe. Akaiweka chini. Akaisogeza mbali.

"Za nani hizi, mzee?"

Katika ghala la chini mtu alikuwa akibingirisha tairi. Lilibingirika mpaka likagonga ukuta.

"Nilizisoma mara mbili," mzee alisema hatimaye. "Hazikuwa na kosa."

Koplo alisogea mlangoni.

"Tangu mwanzo," Inspekta alisema.

"Mwanzo ni herufi A, mama. Nilikuwa na nywele." Alijipapasa kichwa. "Jumamosi aliniambia zimebaki maana kumi na moja. Alinitajia zote, na Kiswahili chake anacho. Nikasema alhamdulillahi, tukae, tuandike, tulifunge leo. Akasema hapana. Hizo ni alizosikia yeye. Huenda mitaani ziko nyingine. Anataka kurudi kwa mafundi, kwa washonaji, kwa mabaharia. Nikamuuliza muda gani. Akasema miezi sita." Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Daktari wangu kanipa mitatu. Nilimwambia. Nilimwambia, ndugu yangu, mimi nakufa, nionyeshe S. Akaniambia pole, lakini neno halijui kama wewe unaumwa. Akageukia meza yake."

"Ndipo ukachukua mpini."

"Nilitaka kumjibu kwa mdomo. Mkono ukatangulia."

"Mara mbili."

"Mara mbili."

"Halafu?"

"Halafu nikakaa upande wa pili wa meza, nikaandika. Zilikuwa kumi na moja tu. Maneno ni yake, sikuongeza langu hata moja. Saa nilizoweka ni saa za kweli, sikuwa natega mtu. Ni sheria ya ofisi. Nikazipanga karibu naye. Saa kumi na nusu mlinzi huzunguka nyuma kufunga madirisha ya ghala, nikatoka."

Inspekta aliandika. Alipomaliza mstari aliuliza, kwa sauti ileile ndogo, "Na mlinzi?"

"Mlinzi sikumfikiria."

"Jumatatu ulijua amekamatwa."

"Nilijua. Nikasema watamwachia, hana kosa."

"Ulimwambia nani?"

Mzee aliangalia mikono yake. "Nilisema moyoni."

"Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi," Inspekta alisema. "Siku tatu umemtwika mtu mwenye watoto wanne, wewe huku unasoma kadi. Simama, mzee."

Alisimama. Koplo alipomfunga pingu ilibidi abane mpaka tundu la mwisho, na bado zilicheza. Mlangoni mzee aligeuka.

"Kesi ikiisha, kadi zirudishwe kwenye droo. Tafadhali. Lile neno limekwisha."

Ukumbini mpiga chapa alikuwa amesimama, khanga mdomoni. Mzee alimpita akiinamisha kichwa, na yeye akajibana ukutani ili nguo zao zisigusane.

Inspekta aliinua simu ya ofisi. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

"Afande, tumempata. Amekiri, kielelezo kipo, shahidi yupo. Mlinzi aachiwe."



"Umechelewa," mkuu wa kituo alisema. "Naye amekiri. Saa nane. Vijana wamezungumza naye."

"Amekiri nini, na muuaji ninaye mimi hapa?"

"Amekiri, nakwambia. Ametia dole gumba. Sasa mimi nitakuwa na wauaji wawili wa mtu mmoja? Njoo tuone cha kufanya."

"Nakuja na jalada," Inspekta alisema. "Na hiyo karatasi ya saa nane isipotee, afande. Nitaiomba mbele ya watu."

Mahabusu ya kituo ilikuwa chini, ngazi saba, taa moja. Mlinzi alikuwa kwenye saruji, mgongo ukutani, nyayo zimevimba hata vidole vimepotea kama vya mtoto mchanga. Jicho moja lilikuwa limefunga. Alipoona sare mlangoni alianza kusema kabla hajaulizwa, haraka, bila kupumua, kama mwanafunzi aliyeamshwa darasani.

"Nilipanda ghorofani saa kumi na dakika ishirini. Marehemu alikuwa amekaa. Nilichukua mpini wa chuma. Nilimpiga mara tatu..." Alisita. Jicho zima lilimtafuta Inspekta usoni. "Ni mara tatu au mara mbili, afande? Jana walisema tatu. Leo walisema mbili. Nisaidie, nisije nikakosea tena."

Inspekta alichuchumaa mbele yake, magoti yakalia.

"Hukumpiga, kaka. Aliyempiga yuko juu, amesema mwenyewe. Wewe hukupanda ghorofani."

"Sikupanda ghorofani," mlinzi alirudia.

"Hukumpiga."

"Sikumpiga." Alilitamka polepole, akilionja, kama anayefundishwa jibu jipya. Kisha akainamisha kichwa karibu naye na kunong'ona, ili koplo asisikie. "Nikisema hivyo, hawatanirudisha kile chumba?"

"Hawatakurudisha. Mimi naandika sasa hivi, upya, kwa maneno yako. Taratibu. Hatuna haraka."

Alifungua mkoba, akatoa fomu mpya, akailaza juu ya jalada, akaangalia saa yake ili aanze na hilo. Hakuwa ameandika bado hata herufi moja. Alipoinua macho, mlinzi alikuwa ameshanyoosha mkono juu ya karatasi tupu, dole gumba mbele, bado jeusi kwa wino wa mchana, analisubirisha hewani aonyeshwe pa kulibandika.